Mtoto mwenye usonji: nimwachishe ngano na maziwa?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na mwaka jana aligundulika ana usonji. Anasema maneno machache sana. Anakula mkate mweupe, maziwa, chipsi, ndizi na biskuti za aina moja tu. Kingine chochote anakitupa. Choo anakipata kwa shida, wakati mwingine baada ya siku nne, na usiku anaamka amka. Wazazi wenzangu wameniambia nimwachishe kabisa ngano na maziwa, nimpe vidonge vya mafuta ya samaki na dawa ya kusafisha utumbo, kwamba kuna watoto walianza kuongea baada ya miezi mitatu. Baba yake anasema chakula hakihusiani na usonji na nisipoteze hela. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku roho iko juu. Kwa sasa usimwachishe ngano wala maziwa. Mpeleke kwanza akatibiwe choo na apimwe damu, kisha tumwongezee vyakula kabla hatujafikiria kumpunguzia. Baba naye asome mpaka mwisho, maana anaposema chakula hakihusiki kabisa, hapo hajapatia.

Usonji hauletwi na chakula alichokula mtoto, na hakuna mlo uliothibitishwa kuuondoa. Unatokana na jinsi ubongo ulivyokua tangu mtoto akiwa tumboni, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni ya kurithi. Lakini mtoto mwenye usonji ana tumbo kama watoto wengine, ana meno, ana damu, na mara nyingi hana maneno ya kusema panapomuuma. Mtoto mwingine wa miaka mitano akiumwa tumbo atalia na kulishika. Wa kwako anaweza kuanza kujipiga kichwa, kukimbia huku na huku, kumng'ata aliye karibu au kukataa kulala, na nyie mkasema usonji umezidi. Tumbo likipona, vurugu inapungua. Mtoto anakaa, anasikiliza, anajaribu tena yale maneno machache aliyonayo. Wengi wa wanaonihadithia kwamba mtoto alibadilishiwa chakula akabadilika, safari yao ilianzia hapo, na siwaoni kuwa waongo. Ninachobishana nacho ni maelezo yanayobandikwa baadaye kuhusu kilichomponya.

Basi tuanze na choo. Wewe umekitaja kwa sentensi moja, mimi naona ndicho kiini cha swali lako. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba matatizo ya tumbo na choo huwapata watoto wenye usonji zaidi ya mara nne ya wenzao. Kwa mtoto wa umri wake, kukaa siku nne na kisha kutoa choo kwa shida ni ugonjwa wa kutibiwa, si tabia ya kuzoewa.

Mchunguze siku mbili tatu. Je, kuna wakati anasimama kwa ncha za vidole, amebana miguu, amejificha nyuma ya mlango, uso umemwiva? Mtu akimwona hivyo hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Angalia pia nguo zake za ndani. Ukikuta michirizi ya choo chepesi usikimbilie kusema anaharisha, na tafadhali usimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Mara nyingi ni kinyume chake: choo kigumu kimeziba chini, na kile chepesi kilichoko juu kinapenya pembeni na kuvuja bila mtoto mwenyewe kujua. Choo kigumu kilimuumiza mara ya kwanza, mara ya pili akakizuia kwa hofu, kikakaa, kikakauka zaidi, utumbo ukatanuka mpaka ile hisia ya kutaka kwenda ikafifia. Akifika hapo, matunda na maji peke yake hayafungui kitu, na kumwongezea makapi ya nafaka kabla njia haijafunguka kunaweza hata kumzidishia maumivu.

Dawa ambayo madaktari wa watoto huitegemea zaidi ni unga unaoitwa makrogoli, unaoshikilia maji ndani ya choo ili kilainike. Siku za mwanzo daktari hupandisha dozi mpaka njia isafike, kisha huacha dozi ndogo ya kila siku kwa miezi. Naam, miezi. Wazazi wengi huacha dawa siku ya tatu, choo kikishalainika tu, na baada ya wiki mbili wanarudi walipoanzia, kwa sababu utumbo uliotanuka hauwahi kurudi katika hali yake kwa siku tatu. Sambamba na dawa, mkalishe chooni kama dakika tano baada ya kula, kwa kuwa tumbo linapopokea chakula utumbo mpana nao huanza kusukuma. Miguu yake isining'inie. Iweke juu ya kigoda magoti yapande kidogo kuliko nyonga. Kama mlio wa maji ya choo unamtisha, vuta maji akishaondoka.

Hiyo dawa ya kusafisha utumbo uliyoambiwa usimpe, hata ikiwa na cheti gani kwenye lebo. Jina hilo halikwambii kilichomo ndani. Zipo zinazouzwa kwa wazazi wa watoto wenye usonji ambazo kwa hakika ni klorini dayoksaidi, kemikali ya viwandani ya kung'arisha karatasi na vitambaa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasiinywe mwaka 2010 na ikalazimika kuonya tena 2019. Zile kamba kamba zinazotoka kwenye choo cha mtoto, ambazo wauzaji huwaambia wazazi ni minyoo, ni ute na utando wa ndani wa utumbo unaobanduka. Kwenye kundi hilo hilo weka dripu za kutoa madini mazito mwilini: mwaka 2005 huko Pennsylvania mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki akiwa anapewa tiba ya namna hiyo.

Sasa ngano na maziwa. Wazo hili halikuokotwa njiani, lina historia yake. Mwanasayansi Jaak Panksepp, aliyekuwa akichunguza wanyama, aligundua kwamba vifaranga na watoto wa wanyama waliopewa afyuni kidogo hulia kidogo wakitengwa na mama zao na hawajali sana kuwa peke yao. Mwaka 1979 akauliza: je, inawezekana usonji unahusiana na kemikali za aina ya afyuni kuzidi mwilini? Baadaye watafiti wengine, hasa Kalle Reichelt wa Norway, wakaunganisha swali hilo na chakula. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Kaseini ni protini ya maziwa. Zote mbili zikimeng'enywa nusu nusu huacha vipande vidogo vya protini vinavyoweza kushika mahali panaposhikwa na afyuni. Nadharia ikawa kwamba utumbo wa mtoto mwenye usonji unavuja, vipande hivyo vinapita kwenda kwenye damu, vinafika kwenye ubongo, na mtoto anakuwa kama aliyeleweshwa.

Ni nadharia inayoshawishi, na iliweza kupimwa. Kama vipande hivyo vingekuwa vinapita, vingeonekana kwenye mkojo. Watafiti wa Uingereza waliochapisha kazi yao mwaka 2008 walipima mkojo wa watoto wenye usonji na wa watoto wasio nao kwa mashine za kisasa, na hawakukuta vipande hivyo. Kwangu nadharia iliishia hapo. Ushauri uliozaliwa nayo ndio ulioendelea kutembea.

Mtu anaweza kusema, sawa, sababu huenda si hiyo lakini mlo wenyewe unasaidia. Hilo nalo limejaribiwa. Jaribio ninalolithamini kuliko yote lilifanyika Rochester, New York, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Lilikuwa dogo, watoto 14 tu waliofika mwisho, lakini angalia lilivyofanywa. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano, wasio na mzio wa maziwa wala ugonjwa wa gluteni, waliwekwa kwenye mlo usio na gluteni wala kaseini kwa angalau wiki nne hadi sita, mtaalamu wa lishe akiwasimamia. Kisha kwa wiki 12 kila mtoto alipewa kitafunwa mara moja kwa wiki. Wiki nyingine kilikuwa na gluteni, nyingine kaseini, nyingine vyote viwili, nyingine hakikuwa na chochote, na vyote vilifanana sura na ladha. Mzazi hakujua, mwalimu hakujua, aliyempima mtoto hakujua. Wakaandika usingizi, choo, utulivu, na dalili za usonji zenyewe. Zilipofunguliwa siri za vitafunwa, hakukuwa na tofauti. Ngano na maziwa vilirudi mwilini na mtoto akabaki yule yule.

Upande wa pili kuna jaribio la Denmark la mwaka 2010 lenye watoto 72, ambalo watetezi wa mlo huu hulitaja sana, nalo lilikuta nafuu kwenye baadhi ya vipimo. Tatizo lake ni kwamba wazazi walijua nani yuko kwenye mlo na nani hayuko. Si dharau kwa wazazi nikisema hilo ni tatizo kubwa. Mwaka 1998 ilitoka taarifa ya watoto watatu tu wenye usonji waliodaiwa kubadilika baada ya kudungwa homoni ya tumbo iitwayo sekretini. Wazazi wakaitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 1999 ikapimwa sawasawa: nusu ya watoto walidungwa sekretini, nusu maji ya chumvi, na wazazi hawakuambiwa. Makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, na hata wazazi walipoambiwa kwamba sekretini haikuzidi maji ya chumvi, wengi wao bado waliitaka. Mtoto wa miaka mitano anakua kila siku. Ukianza jambo lolote mwezi huu, miezi mitatu ijayo atakuwa na maneno mapya ambayo huenda yangekuja tu. Ndiyo maana taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, NICE, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2013 ilisema milo ya kuondoa gluteni au kaseini isitumike kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto.

Lakini kuna watoto ambao maziwa au ngano kweli vinawaumiza, na usonji hauwakingi. Mmoja ana mzio wa protini ya maziwa, ngozi inawasha na tumbo linamsokota. Mwingine hamudu sukari ya maziwa, akinywa anajaa gesi na kuharisha. Mwingine ana seliaki, ugonjwa ambao gluteni inafanya kinga ya mwili iushambulie utumbo, na huyo ni lazima aache ngano maisha yake yote. Wote watatu wakiondolewa kinachowaumiza watalala, watatulia, na mama atasema kwa haki kabisa kwamba mlo umemsaidia mwanangu. Seliaki inapimwa kwa damu, na jambo hili wengi hawaambiwi: kipimo kinataka mtoto awe bado anakula ngano. Ukimwachisha kwanza, kipimo kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Hiyo ni sababu moja ya mimi kukushikilia kwenye mkate kwa sasa. Na vile vipimo vya damu vinavyoleta orodha ndefu ya vyakula visivyomfaa mtoto, vinavyopima kinga aina ya IgG, usivilipie. IgG inaonyesha tu kwamba mtoto amewahi kula chakula hicho, na vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani havishauri kuvitumia.

Nimeulizwa mara nyingi kama hakuna hata ugonjwa mmoja wa ubongo unaotibiwa kwa mlo. Upo. Unaitwa fenilketonuria, ulielezwa mwaka 1934 na Asbjørn Følling wa Norway, baada ya mama mmoja kukataa kuacha kuuliza kwa nini mkojo wa watoto wake wawili unanuka tofauti. Mwili wa mtoto hauwezi kuvunja kipande kimoja cha protini, kinajaa, kinaharibu ubongo, na asipotibiwa anaweza kuonyesha dalili zinazofanana kabisa na usonji. Mlo maalumu uliotungwa miaka ya 1950 unazuia hayo yote ukianza siku za mwanzo za maisha. Hugunduliwa kwa tone la damu la kisigino cha kichanga. Kama mwanao hakupimwa hivyo alipozaliwa, mwambie daktari. Ni ugonjwa nadra, na kuuliza hakukugharimu kitu.

Sasa hesabu ya mlo wenyewe kwa mtoto wako. Anakula vitu vitano. Ukiondoa ngano, mkate na biskuti vimekwenda. Ukiondoa maziwa, umebaki na chipsi na ndizi. Najua utaambiwa njaa itamfundisha. Kwa watoto wengi wanaochagua chakula, njaa huwafundisha kweli, lakini kwa mtoto mwenye usonji usiitegemee. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2019, tabia zisizo za kawaida za kula zilikutwa kwa asilimia 70 ya watoto wenye usonji na chini ya asilimia 5 ya watoto wengine. Wapo wanaokaa siku mbili bila kula kuliko kugusa kitu kigeni. Hospitali zimeripoti watoto wenye usonji wanaoletwa kwa sababu wanachechemea au wamegoma kutembea, wanapigwa picha za mifupa na kupimwa hili na lile, hadi daktari mmoja anapofungua midomo na kuona fizi zinavuja damu. Kiseyeye, yaani upungufu wa vitamini C, katika karne hii. Wengine wameharibika macho kwa kukosa vitamini A baada ya miaka ya kula chipsi na vitu viwili vitatu vyeupe. Na utafiti wa mwaka 2008 uliopima unene wa mifupa ya mikono ya wavulana wenye usonji uliikuta ni myembamba kuliko inavyotakiwa, na walioachishwa maziwa walikuwa na hali mbaya zaidi.

Hata lile jambo la bakteria wa utumbo, linalozungumzwa sana siku hizi, linaelekea upande huo huo. Ni kweli bakteria wa watoto wenye usonji hutofautiana na wa wengine, na watu wakakimbilia kusema bakteria ndio chanzo. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kupima kinyesi cha watoto 247, wengine wana usonji, wengine ni ndugu zao, wengine hawana undugu nao. Usonji wenyewe haukuhusiana sana na bakteria. Kilichohusiana ni mlo: mtoto mwenye usonji huchagua vyakula vichache, vyakula vichache vinaacha bakteria wa aina chache. Tulikuwa tunaisoma habari kutoka nyuma kwenda mbele.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ya chakula ni kutoka vitano kwenda sita. Anza na alichokikubali, usogeze kidogo tu. Kama chipsi zake ni nyembamba, siku moja weka moja nene kidogo pembeni ya zake. Baada ya wiki kadhaa, kipande cha kiazi kilichookwa badala ya kukaangwa, kilichokatwa umbo lile lile. Mkate wake ukate pembetatu badala ya mraba. Akikubali umbo, ujaribu wa rangi nyingine, kipande cha ukubwa wa ukucha. Chakula kipya kikae kwenye kisahani chake mwenyewe, kisigusane na anachokipenda, na asilazimishwe kukila. Kukiangalia bila kukitupa ni hatua. Kukigusa ni hatua nyingine, kukinusa nyingine, kukilamba na kukitema ni hatua kubwa. Watoto wa kawaida huhitaji kukutana na chakula mara 10 hadi 15 kabla ya kukizoea. Wa kwako mpe zaidi ya hizo na usihesabu kwa hasira. Mle pamoja naye, nyie mkila kile kile bila kumtazama kila tonge. Akiwa anakabwa, anakohoa akila au anaweka chakula shavuni muda mrefu, mtafute mtaalamu wa tiba kazi au wa matamshi anayejua kulisha watoto, kwa sababu huenda tatizo liko kwenye misuli ya kinywa.

Jambo moja nalikazia: usimfichie kitu ndani ya chakula anachokiamini. Ukitumbukiza mafuta ya samaki kwenye maziwa yake na akahisi harufu, unaweza kuyapoteza maziwa moja kwa moja, na vitano vikawa vinne. Dawa ya choo isiyo na ladha nayo ijaribu kwenye maji kwanza.

Maziwa yenyewe uyapime. Mtoto wa umri wake anahitaji karibu miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa kina kama 300, kwa hiyo si vema kumnyima. Lakini akinywa lita nzima kwa siku anashiba maziwa, hali kingine, choo kinakauka na madini ya chuma yanapungua mwilini. Nusu lita kwa siku inatosha. Mpe baada ya kula. Upungufu wa chuma unarudi kwenye usingizi uliouandikia pia: akiba ya chuma ikiwa chini, watoto hutupa miguu usiku na kuamka amka. Kipimo chake kinaitwa feritini, nacho hushuka mapema, kabla damu yenyewe haijaonekana kupungua.

Vidonge sitavizungumzia sana. Mafuta ya samaki hayana ubaya mkubwa, ila majaribio hayajaonyesha kwamba yanabadilisha dalili za usonji kwa kiwango cha maana, hivyo kama hela ni ya kuchagua, iende kwenye dawa ya choo na vipimo. Vitamini B6 na magnesiamu kwa dozi kubwa, ambazo zimekuwa zikipigiwa debe tangu miaka ya 1960, ziache; B6 ikizidi muda mrefu inaumiza mishipa ya fahamu. Asidi ya folini utaisikia pia. Hiyo ni dawa, si chakula, na si ile asidi ya foliki ya wajawazito. Majaribio madogo, mojawapo la mwaka 2018 lenye watoto 48, yameonyesha baadhi yao wakipata nafuu ya lugha, lakini inaanzwa na daktari anayemfuatilia mtoto, si na muuzaji. Mlo wa mafuta mengi bila wanga una nafasi yake kwenye kifafa kigumu, hospitalini, chini ya macho ya wataalamu. Kidonge au shurubati ya kawaida ya vitamini na madini mchanganyiko, kwa mtoto wa vyakula vitano, hiyo naiunga mkono.

Na ikiwa baada ya haya yote moyo wako bado unataka kujaribu, sitakufukuza. Choo kiwe kimetengemaa kwanza kwa angalau miezi miwili, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Ondoa kitu kimoja, tuseme maziwa, ngano ibaki. Kabla ya kuanza chagua mambo mawili au matatu ya kuhesabika, kwa mfano mara anazoamka usiku au mara anazojipiga kwa siku, uandike wiki mbili. Mtaalamu wa lishe akupangie kalsiamu na protini zitatoka wapi, maana vinywaji vya mchele na mlozi vina protini kidogo mno. Usimwambie mwalimu wake, ila mwombe naye aandike. Wiki nne hadi sita zinatosha. Kisha yarudishe maziwa na uendelee kuandika, kwa sababu wengi huliruka hilo na bila hilo hujajifunza kitu. Usianze dawa mpya, shule mpya wala tiba mpya ya lugha kwenye kipindi hicho. Na kamwe tiba ya lugha isikatizwe kupisha mlo.

Wiki hii, basi, andika kila anachokula na kunywa kwa siku saba, na kiasi chake, na siku anazopata choo na kilivyokuwa: vijiwe, kigumu kirefu, laini. Nenda na karatasi hiyo kwa daktari wa watoto. Mwombe amminye tumbo, achukue uzito na urefu, apime wingi wa damu, feritini, vitamini D na kipimo cha seliaki, mtoto akiwa bado anakula mkate. Usisubiri miadi ukiona anachechemea, fizi zinatoka damu, haoni vizuri gizani, anatapika kijani, kuna damu kwenye choo, uzito unashuka, au ameacha kimojawapo cha vile vitano. Majibu yakitoka niandikie tena ukiweka na uzito na urefu wake, tuamue pamoja maziwa yabaki kiasi gani na chakula cha sita kiwe kipi.